Kulipia jina liwekwe kwenye orodha za mtandaoni: pima kwanza, ndio utoe dola

Ukiwa na tovuti ya gesti, ya kutembeza wageni mashamba ya viungo au ya kukodisha vespa, iko siku utaletewa imeli ya namna hii: biashara yako imechaguliwa kuingia kwenye orodha yetu ya sehemu bora za Afrika Mashariki, lipa dola 120 kwa mwaka, wageni watakuona na Google itakupandisha juu. Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu, wengi wao wa Mji Mkongwe, Jambiani na kwetu Pemba, na imeli hizi naletewa kwa WhatsApp zimepigwa picha. Chini yake huja suali lile lile: "Mwanangu, tulipe?"

Jibu langu mara nyingi ni msilipe. Lakini zipo mara nasema lipeni, tena leo, kwa hivyo ni bora mtu ajue namna ya kupima mwenyewe kuliko kunisubiri mimi.

Isome ile imeli tena. Imebeba ahadi mbili zilizofungwa kwenye furushi moja: wageni watakuona, na Google itakupandisha. Zitenganishe. Ya kwanza inaweza kuwa kweli au uongo, na unaweza kuichunguza. Ya pili itupe.

Kwa nini habari ya Google haina mjadala

Zamani ilikuwa na maana. Yahoo ilianza 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mkono na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo. Baadaye mwenye tovuti ya biashara akawa anatozwa dola 299 ili tovuti yake itizamwe tu, bila ya ahadi ya kukubaliwa, na watu walilipa. Ilikuwepo pia DMOZ, iliyoanza 1998, ya bure, ikiendeshwa na wahariri wa kujitolea. Google ilikuwa ikiipima tovuti kwa kutizama nani kaielekezea linki, na linki iliyotoka kwenye orodha iliyochujwa na mtu mwenye akili zake ilihesabika.

Wajanja walipoona hivyo wakafungua orodha chungu nzima ambazo hazisomwi na mtu, kazi yake kuuza linki tu. Aprili 2012 Google ikaleta mabadiliko iliyoyaita Penguin, na tovuti zilizojaa linki za kununua zikaporomoka. Orodha ya Yahoo ikafungwa mwisho wa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Wauzaji wadogo ndio waliobaki, na maneno yao ya kuuzia hawajayabadilisha.

Kanuni za Google leo zinazitaja wazi linki za orodha za ovyo kuwa ni hila, na linki iliyolipiwa inatakiwa iwekewe alama ya nofollow au sponsored, yaani Google iambiwe kuwa hili ni tangazo. Sasa piga hesabu. Orodha ikiwa ya waungwana, itaweka hiyo alama, na linki yako haitakupandisha. Ikiwa si ya waungwana, haitaiweka, na tangu 2016 kawaida ya Google ni kuzipuuza linki kama hizo, basi nayo haitakupandisha. Kwa njia zote mbili, nafasi kwenye Google hukuinunua.

Mtumie muuzaji suali moja tu: je, linki zenu za kulipia mnaziwekea alama ya sponsored? Akikujibu kwamba za kwao hazina alama na ndio maana zina nguvu, funga imeli, nenda kanywe kahawa.

Imebaki ahadi ya wageni. Ichunguze usiku mmoja

Tafuta kama anavyotafuta mgeni. Usiandike jina la gesti yako, kwani jina lako analijua mwanao. Andika anachoandika mtu aliyeko Milan au Warsaw ambaye hajawahi kukusikia: malazi ya bei nafuu Stone Town, kupiga mbizi Pemba, safari ya pomboo Kizimkazi, kwa Kiingereza chake au lugha yake. Fungua dirisha la siri la simu (incognito) ili Google isikutambue. Na kwa sababu ukiwa Darajani unaonyeshwa vya Darajani, mwambie ndugu yako aliye Muscat au London atafute maneno yale yale akupigie picha ya skrini. Hakuna familia hapa isiyokuwa na mtu mmoja huko. Mtumie kwa kazi badala ya kumuomba simu.

Ile orodha inayokudai dola 120 imeonekana ukurasa wa kwanza? Wa pili? Kama yenyewe haionekani, wewe uliyemo ndani yake utaonekana na nani?

Kisha andika kwenye Google neno site, nukta mbili, halafu anwani ya orodha yao bila ya kuacha nafasi. Utaona kurasa zao ambazo Google inazo. Chukua biashara moja iliyokwisha kulipa na utafute ukurasa wake humo. Nimeona orodha inayojisifu kuwa na maelfu ya wateja, na ukitafuta kurasa za wateja wenyewe Google haina hata robo.

Halafu ingia ndani utizame majirani. Gesti yako itakaa baina ya nani na nani? Ukikuta kamari, dawa za nguvu za kiume na mikopo ya haraka vimewekwa ubavuni mwa hoteli za ufukweni, hapo hakuna mgeni anayepita.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho sisi wa hapa tunaweza kukiona upesi kuliko mtu yeyote. Fungua sehemu ya Zanzibar na usome namba za simu. Ukiona 0747 kwenye gesti ya zamani, huenda hakuna aliyeipitia orodha hiyo kwa zama nzima, kwani namba za Zantel za mwanzo huo ziligeuka 0777 tangu watu bado wanakwaruza vocha; ila siku hizi mwanzo huo umerudi kutumika, basi piga kwanza uhakikishe. Ukiona gesti ambayo wewe mwenyewe unapita mlangoni mwake kila siku na sasa ni duka la mapazia, na bado ina nyota tano na "weka nafasi leo", umepata jawabu bila ya kuuliza.

Kwa Pemba liko jengine, na hili limewasumbua wateja wangu kuliko yote. Msumbiji nako kuna mji unaitwa Pemba, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado, una uwanja wa ndege na hoteli zake za pwani. Orodha nyingi hujazwa na programu, si na mtu, na programu haijui tafauti. Mteja wangu mmoja wa Chake Chake alilipa, akawekwa Msumbiji. Ramani ilionyesha pwani nyengine kabisa, na mgeni akaandika kuuliza viza ya Msumbiji. Tuliandika kuomba wasahihishe. Jibu likaja kuwa marekebisho ni ya wenye kifurushi cha juu. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata senti, andika Pemba kwenye sehemu yao ya kutafutia uone inakupeleka wapi. Tizama pia kama wanakubali Zanzibar iwe ndani ya Tanzania na namba ya +255 bila ya kugoma. Ikishindwa hapo, usihangaike kusoma bei.

La mwisho usiku huo: chagua biashara mbili tatu za hapa hapa zilizomo, uwapigie. Si lazima uwajue. Salimia, jitambulishe, uliza: "Samahani, nimekuoneni kwenye orodha fulani. Mnapata wageni kwayo?" Watu wetu hawafichi jambo kama hili. Mara nyingi utasikia, "Kwani tumo?"

Vya bure vimekamilika?

Hapa huwa mkali, na wateja wananijua. Mtu anataka kulipa dola 120 kwa orodha ya ugenini, na kwenye ramani ya Google gesti yake iko juu ya paa la jirani, picha ni moja tu na imepigwa usiku.

Wasifu wa biashara wa Google ni bure, na ndio wa kwanza kushughulikiwa. Siku hizi mara nyingi wanathibitisha kwa video: unatembea na simu bila ya kukata, unaonyesha njia na majirani, kibao chenye jina, kisha unafungua mlango kwa ufunguo na kuingia ndani, wajue wewe ni mwenyewe. Mji Mkongwe fanya asubuhi mapema kabla uchochoro haujajaa, anza kutoka sehemu inayojulikana kama msikiti au duka la kona, uje hadi mlangoni. Leseni ya Kamisheni ya Utalii ikiwa imetundikwa ukutani pale mapokezi, ipitishie kamera. Alama ya ramani usiiachie simu ikuwekee. Kwenye vichochoro vya Kiponda na Mkunazini inaruka. Ikokote kwa kidole hadi kwenye paa lako hasa.

Jina, simu na mahali viandike kwa namna moja kila pahali. Sisi hatuna mazoea ya namba ya nyumba, kila mtu anaandika "karibu na" kitu chake. Chagua karibu na nini, uandike hivyo hivyo kwenye tovuti, Google, TripAdvisor, Bing na Facebook. Kujiandikisha kwa kawaida kwenye zote hizo hakuna malipo.

Kuna kimoja watu wanakidharau: OpenStreetMap. Ni ramani huru, mtu yeyote anaweza kuirekebisha, na programu kama Organic Maps zinachota humo. Mgeni huipakua ramani nzima ya Unguja kabla hajapanda ndege, na akipotea Hurumzi hana bando, ndiyo anayoitizama. Jina la gesti yako lisipokuwemo, hakuoni hata ukiwa mbele ya pua yake. Kuliingiza ni kazi ya dakika chache na haina malipo.

Vyote hivi vikiwa tayari, njoo tuzungumze kulipa.

Hesabu ya vitanda

Tuseme chumba unakitoa dola 40. Ukitoa chai ya asubuhi, dobi, umeme, mshahara na kodi, tuseme mkononi inabaki 15. Orodha ya dola 120 inakutaka ulaze usiku nane ambao bila ya hiyo orodha usingeuza, ndio urudi ulipoanzia. Nane tu wa kujilipa. Faida inaanzia wa tisa.

Hesabu ya pili ni ya wageni ambao wangekuja vyovyote, lakini kupitia kwa wauza vyumba wa mtandaoni. Ikiwa huko unakatwa asilimia 15, kwenye chumba cha dola 40 unatoa 6. Kwa wageni wa namna hii, orodha ya dola 120 inajilipa ikikuletea moja kwa moja usiku ishirini. Weka bei zako mwenyewe, lakini usilipe kabla hujaandika namba hizi kwenye karatasi na kujiuliza kama orodha uliyoiona usiku ule inaweza kuleta watu hao.

Ami mmoja wa Malindi nilipomfanyia hesabu hii alicheka. Akasema papasi wa bandarini, yule anayewakamata wageni na kuwapeleka gesti, pamoja na udhia wake wote, kwanza anakuletea mgeni na begi lake hadi mlangoni, ndio anadai chake. Hawa wanadai mgeni hajazaliwa. Sina la kuongeza hapo.

Wakati ninaposema lipa

Lipa pale wasomaji wa orodha ni watu wa aina moja, na aina hiyo ndiyo unayoihudumia wewe. Mfano mzuri nilionao uko Pemba. Kisiwa kina aina nne za ndege wasiopatikana pahali pengine popote duniani, mmoja wao bundi mdogo wa msitu wa Ngezi, na kuna watu wanaotoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya kumsikia bundi huyo tu. Watu hao hawaanzi kwa kutafuta hoteli nzuri Afrika Mashariki. Wana pao wanapokutana, wana orodha zao za waongozaji, na wanazisoma mstari kwa mstari. Kijana anayepeleka wageni Ngezi usiku, anayejua sauti ya bundi na anaweza kuwapitisha Kidike wakaone popo, akilipa dola chache kuwa kwenye orodha ya watu hao, amenunua kitu. Wapiga mbizi ni vivyo hivyo, na wavuvi wa michezo. Orodha inaweza kuwa na wasomaji wachache sana na bado ikakulisha.

Jengine ni uanachama. Jumuiya za hapa, kama ZATO ya watembezaji wageni na ZATI ya wawekezaji wa utalii, zina ada, na uliza katika ada hiyo unapata nini: jina kuwekwa kwenye tovuti yao, barua, kujulikana na mawakala. Ada hiyo usiipime kwa linki. Wakala wa nje akitaka kujua kama upo kweli na una leseni, huangalia upo pamoja na nani.

Kwa gesti ya kawaida ya vyumba sita isiyo na wageni wa aina maalumu, sijaona orodha ya jumla ya kulipia ambayo ningemshauri mtu.

Ukishaamua kulipa

Usilipe kwa kadi ya benki yenye mshahara ndani. Tengeneza kadi ya mtandaoni kupitia pesa za simu, tia kiasi cha mwaka mmoja tu. Orodha hizi hupenda kukutoza tena zenyewe kila mwaka, na kitufe cha kusitisha kinakuwa kimejificha. Kadi ikiwa kavu, hawakukati.

Usichague miaka mitatu kwa sababu ina punguzo.

Linki watakayokuwekea isiende ukurasa wa mwanzo. Mwambie anayekutunzia tovuti akutengenezee ukurasa wa pembeni usiofikiwa kwa njia nyengine, na linki ya WhatsApp iliyomo iwe imebeba maneno tayari yanayotaja orodha hiyo. Mgeni akiibonyeza, ujumbe unafika kwako ukiwa umebeba asili yake. Hapo huna haja ya kujua takwimu ngumu. Unahesabu meseji.

Kitabu cha wageni pale mapokezi nacho kiongeze safu moja: ulitujua wapi. Wengi watajibu Google, wanasema hivyo hata walioletwa na shangazi yao. Mfundishe mtu wa mapokezi aulize tena kwa upole: ulibonyeza nini ulipokuwa Google? Huko ndiko jawabu liliko.

Na uchague mwezi wa kuanza. Ukilipa Machi, miezi ya mwanzo inaliwa na masika, hoteli nyingi za pwani zimefungwa, hakuna wa kubonyeza, na utailaumu orodha bure. Au vibaya zaidi, watakuambia ungoje msimu, na msimu ukija watu wangekuja tu. Linganisha Julai na Julai, Januari na Januari. Mimi napenda waanze Mei mwishoni, ili Juni ikifunguka ukurasa uko tayari.

Jihadhari na karatasi moja. Huja kwa posta au imeli, ina jina lako na anwani yako vimeshachapwa, na inakuomba kwa adabu uthibitishe tu kwamba taarifa ni sahihi, utie saini na urudishe. Kusahihisha ni bure. Chini kwa maandishi madogo imeandikwa kuwa saini hiyo ni mkataba wa tangazo wa miaka kadhaa kwa mamia ya euro kila mwaka. Ulaya mchezo huu ni wa zamani, na huku umefika. Bibi mmoja wa Paje alinionyesha yake akiwa na kalamu mkononi. Kama umeshatia saini, usilipe kwa kuogopa barua za vitisho zitakazofuata. Mpelekee wakili karatasi yenyewe kabla hujajibu neno, na usizungumze nao kwa simu.

Mwaka ukikaribia kwisha, mwezi mmoja kabla, toa kitabu cha wageni na meseji za WhatsApp, hesabu usiku waliolala wageni waliokuja kwa njia ya orodha hiyo, uweke ubavuni mwa ile namba nane au namba yako. Ikiwa haijafika, andika imeli ya kusitisha na ubakishe nakala. Watakujibu siku hiyo hiyo na punguzo la nusu bei. Nusu bei nayo ina hesabu yake ya vitanda. Ifanye kabla hujajibu.